Upanga wa +3 umeingia mezani, wengine wafanye nini?

Waendeshaji wapya wa michezo ya kuigiza wahusika, yaani wale wanaosimulia hadithi na kuwachezesha maadui mezani, huniletea shida ileile kila mara: nilimpa mchezaji mmoja upanga wa kichawi, sasa mazimwi yangu yanakufa kama kumbikumbi, niyaongezee nguvu? Mimi huwauliza kwanza, upanga ule ukiwa kazini, wale wachezaji wengine wanafanya nini?

Maana mazimwi hayajali kushindwa. Yapo ili yashindwe, na mwendeshaji anaweza kuleta mengine hata kumi kabla chai haijapoa. Mizani inayoniumiza kichwa ni ile iliyopo kati ya wachezaji wenyewe, waliokaa bega kwa bega.

Chukua hesabu ya Dungeons & Dragons, mchezo mmoja wa aina hii, toleo la tano, lililotoka mwaka 2014. Kete ina pande 20, na bonasi ya kifaa huongezwa kwenye namba iliyotoka, kwa hiyo kila +1 ni asilimia 5. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Sasa mweke mezani askari anayehitaji kupata 9 au zaidi ili pigo limfikie adui, yaani asilimia 60, na pigo lake kwa wastani linatoa madhara 11. Kila zamu anavuna kama 6.6. Mpe upanga wa +1: pigo linafika kwa asilimia 65 na madhara yanapanda hadi 12, anavuna 7.8. Mpe wa +3 na anavuna 10.5. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 60, na hapo nimeacha kando mapigo maalumu yanayotokea kete ikionyesha 20. Bonasi inalipa mara mbili, kwenye shabaha na kwenye madhara, ndiyo maana inawapita watu bila kuonekana.

Upande wa kinga ndio mbaya zaidi, na hapa ndipo nawaomba waendeshaji wasome polepole. Askari mwenye deraya nzito na ngao ana kinga 20, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa kete pamoja na bonasi yake. Zimwi lenye +5 ya kushambulia linahitaji 15 kumpata: asilimia 30. Mwongezee ngao ya +1, joho la ulinzi na pete ya ulinzi, vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaonekana cha kawaida kabisa. Kinga inafika 23, zimwi linahitaji 18, na nafasi yake inashuka hadi asilimia 15. Kwa vitu vitatu vya +1 umekata nusu ya mapigo yote yanayompata.

Mwendeshaji akiona hivyo, mkono unamwasha. Analiongezea zimwi +3 ili limfikie askari. Sawa, linamfikia. Lakini pembeni yupo mchawi mwenye kinga 13. Zamani alikuwa anapigwa kwa asilimia 65, sasa ni 80, naye hakupewa chochote. Dawa ya mmoja imekuwa sumu kwa mwingine. Kwa sababu hiyo huwa nasisitiza kwamba usitibu pengo la ndani ya kundi kwa kunenepesha adui.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilijaribu njia nyingine: likaweka jedwali la mali ambayo mhusika wa kila levo anatarajiwa kuwa nayo, na mazimwi yakapimwa kwa kudhani vifaa hivyo vipo. Mizani ilipatikana kwa kiasi fulani, ila pete ya ulinzi ikageuka kuwa kama viatu, kitu usichoweza kutoka nje bila kukivaa. Toleo la tano likabana namba ili mtu aweze kucheza bila kifaa chochote cha kichawi, na likaweka kikomo cha vifaa vitatu tu ambavyo mhusika anaweza kufungamana navyo, yaani kujiunga navyo kichawi ili vimfanyie kazi. Napenda sana kikomo hicho. Lakini hakigusi kila kitu: upanga wa kawaida wa +1 hauhitaji kufungamana, na hata ufagio wa kuruka, katika kanuni za 2014, hauhitaji. Ufagio huo umewekwa daraja moja la uadimu na upanga wa +1! Mhusika wa levo ya pili anayepaa angani na upinde wake, mbele ya mbwamwitu wasio na cha kurusha, amemaliza pambano kabla halijaanza. Daraja la kifaa halikuambii hilo, inabidi ujiulize mwenyewe.

Dawa za kuponya na hati za uchawi za kutumika mara moja ni salama. Ukikosea kipimo, kosa linaisha likitumika.

Kwenye meza yangu mwenyewe niliwahi kutoa upanga wa +3 mapema mno. Kilichonishtua ni mchezaji wa mpiga mishale. Kikao cha tatu aliacha kuuliza adui yuko umbali gani. Zamu yake ikifika, anarusha kete, anataja namba, anarudi kupanga kete zake kwa rangi. Niliumia sana kumwona hivyo. Sikumnyang'anya askari upanga, kwa sababu aliupata kwa haki. Nilisema mbele ya wote kwamba nilikosea kipimo, tukakubaliana upanga uwe wa +1, na mara tatu kwa siku mwenyewe akiuita jina uamke na kuwa +3 kwa pigo moja. Askari aliupenda zaidi hivyo, kwa kuwa sasa ana la kuamua.

Mpiga mishale nilimpa fimbo isiyosogea. Ni kipande cha chuma chenye kitufe. Ukikibonyeza, fimbo inaganda pale ilipo, hata hewani, na inabeba hadi ratili 8,000, zaidi ya tani tatu na nusu. Haiongezi namba yoyote kwenye karatasi ya mhusika. Kikao kilichofuata kundi lilikuwa linakimbia, na lango la chuma likaanza kushuka mbele yao. Askari akatazama upanga wake. Mpiga mishale akasimama kwenye kiti, akachora lango kwenye karatasi, akaweka penseli chini yake kwa ulalo, akaniuliza, "Lango hili lina uzito gani?"