Hofu za mwandishi mwanamume: dhana potofu na ukweli

"Siku hizi mwanamume hachapishwi"

Kabla ya kulalamika, hesabu. Tangu 1901 hadi 2025 Tuzo ya Nobel ya Fasihi imetolewa kwa watu 122. Wanawake ni 18. Mwaka 1991 orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, yenye vitabu sita, haikuwa na mwanamke hata mmoja, na manung'uniko yaliyofuata ndiyo yaliyozaa tuzo ya wanawake nchini Uingereza, iliyoanza kutolewa 1996. Mwaka 2024 orodha fupi ya Booker ilikuwa na wanawake watano na mwanamume mmoja. Mwaka uliofuata ikawa watatu kwa watatu, akashinda mwanamume, David Szalay.

Mabadiliko yapo, na si vyema kuyakana. Ila kilichopungua ni ule wingi wa wanaume uliozoeleka hadi ukaonekana ndio kawaida. Kukataliwa kwa mswada humpata karibu kila mwandishi: wahariri hupokea miswada mingi kuliko nafasi walizo nazo, na mara nyingi barua ya kukataa haitoi sababu. Asiyepewa sababu hujitafutia yake, na hii ya "mwanamume hachapishwi" ndiyo iliyo karibu zaidi.

"Nikijiita jina la jamii nyingine, nitapita"

Anayetajwa sana hapa ni Michael Derrick Hudson, mshairi mweupe wa Marekani aliyetuma shairi kwa jina la Kichina, Yi-Fen Chou. Kwa maelezo yake, lilikataliwa mara 40 kwa jina lake halisi, na mara 9 kwa jina bandia kabla ya jarida moja kulikubali. Hatimaye likaingia katika diwani ya Best American Poetry ya 2015.

Wengi huona 40 na 9 wakadhani ushahidi umetimia. Ili kupima jina peke yake, ingebidi shairi lilelile liende kwa wahariri walewale, wakati uleule, kwa majina mawili. Haikuwa hivyo. Hata hivyo, jina lilisaidia mahali pamoja: Sherman Alexie, mhariri wa toleo lile, alikiri kwamba lilimfanya alipatie shairi uzito zaidi mwanzoni. Hilo lisifichwe. Lakini ukweli ulipojulikana, mjadala wote ukawa wa jina, na shairi halikupata wa kulisoma kama shairi. Jina la kalamu halina ubaya. Ubaya ni kujivika asili ya watu ambao si wako.

"Mwanamume haruhusiwi kuandika mhusika wa kike"

Hakuna kanuni ya namna hiyo. Shafi Adam Shafi alimweka Yasmin katikati ya riwaya yake *Vuta N'kuvute*, na msomaji anamfuata kwa sababu Yasmin ana anachokitaka.

Kinachokosolewa ni usawiri mbovu, na ubovu huo unaweza kuupima mwenyewe. Chagua sura tatu zenye mhusika wa kike. Kwa kalamu nyekundu, pigia mstari kila neno la mwili na mavazi yake. Kwa ya buluu, kila anachokitaka, anachokiamua au anachokikataa. Nyekundu ikizidi kwa mbali, mhusika bado ni picha tu.

Tazama sentensi hii: "Neema aliingia, kiuno kikicheza, akatabasamu kwa haya." Nani anayetazama? Kama sura inasimuliwa kwa macho ya Neema mwenyewe, sentensi imekosea nafsi. Mtu haingii chumbani akijitazama kiuno. Jaribu hivi: "Neema aliingia, akachagua kiti cha karibu na mlango, akaupakata mkoba bila kuufungua." Sasa tunajua hana nia ya kukaa.

Kisha wape mswada wasomaji watatu. Mmoja atakupa ladha yake tu. Usiwaulize kama wameupenda. Waulize ni ukurasa gani waliacha kumwamini Neema. Wawili wakitaja ukurasa uleule, anzia hapo.

"Kuambiwa nina upendeleo ni kuambiwa sikustahili"

Upendeleo wa kijamii maana yake ni kwamba vizuizi fulani havikuwekwa njiani mwako. Hausemi maisha yako yalikuwa mepesi. Mtu anaweza kukulia katika ufukara na bado, kwa kuwa ni mwanamume, asiulizwe watoto wake wanalelewa na nani akiwa anaandika.

Tahakiki ikitoka, itenganishe: yanayohusu maandishi weka huku, yanayokuhusu wewe weka kule. Yafanyie kazi yale ya kwanza, hasa mhakiki anapotaja tukio au kunukuu. Kosa la ukweli, kama tarehe au jina, mwandikie mhariri mistari michache. Usijibu hadharani siku ileile, maana jibu la hasira huenea kuliko tahakiki yenyewe.

Na ile dibaji ya kuomba radhi, "mimi kama mwanamume huenda sina haki ya kuyasema haya", iondoe. Haikukingi na lolote; inamtuma msomaji kutafuta kosa kabla hajaanza kusoma.