Sukari Inayopanda Baada ya Mlo: Sindano ya Insulini Haingoji Mtoto Ashibe

Hakuna siku ya kliniki inayopita bila mzazi kuniambia, tena kwa uhakika: "Musawo (daktari), mimi namwacha ale kwanza. Akishiba ndiyo namdunga, nisije nikaiangusha sukari yake." Nimeisikia kwa watu wa Kampala, kwa familia zinazotoka Arua na Kasese, na vijana wanaojidunga wenyewe wanaisema vilevile. Nikifungua daftari nakuta mtindo uleule: sukari ya damu 17 (mmol/L) saa mbili baada ya chakula cha mchana, halafu 3.4 jioni. Watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaumia kwa jambo ambalo kulirekebisha hakuhitaji dawa mpya wala pesa zaidi, na hilo ndilo linaloniuma.

Insulini ya kawaida ya mlo, na ile ya mchanganyiko (ya kawaida pamoja na ya polepole) ambayo wengi wetu tunapewa vituoni, haianzi kazi pale inapoingia chini ya ngozi. Chembe zake zimeshikana mafungu ya sita sita, na lazima ziachane kwanza ndipo zipenye kwenye damu. Kufika hapo nusu saa imekwisha. Nguvu kubwa ya ile ya kawaida huja kati ya saa ya pili na ya nne baada ya sindano. Posho (ugali) haimsubiri mtu: robo saa tu baada ya kuanza kula, sukari yake imeshaanza kuingia kwenye damu, na kilele chake huwa baada ya saa moja hivi.

Sasa mdunge mtoto akiwa ameshanawa mikono baada ya kula. Sukari inapanda peke yake, hakuna wa kuizuia. Insulini inapofikia nguvu zake, chakula kimeshapita, kwa hiyo inashusha kilichobaki na mtoto anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Mama anaona ule mtetemeko, anasema dozi ni kubwa, anaipunguza. Kesho yake sukari inapanda zaidi, na jioni bado inaweza kushuka. Dozi inalaumiwa bure, kosa ni la saa.

Kwa insulini ya kawaida na ya mchanganyiko, dunga dakika 30 kabla ya kula. Zile za kasi, kwa wanaozipata, dakika 10 hadi 15. Najua saa ya ukutani haiivishi chakula, hasa kwa anayepikia kuni, kwa hiyo nawaambia watazame sufuria. Mboga ikiwa imeshaiva na unga wa posho unaingia kwenye maji yanayochemka, huo ndio wakati wa sindano. Kama ni matoke, dunga yakishapondwa na kurudishwa motoni ndani ya majani. Usidunge wakati bado mnamenya, na usidunge kama hujui chakula kitatoka wapi.

Kuna wakati wa kungoja, nao hauna mjadala. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 4, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, ikipanda ndipo mfikirie sindano na chakula. Mtoto mdogo anayekataa chakula bila kutabirika, au anayetapika, muulize anayemhudumia kliniki kabla ya kufuata dakika 30. Na kwa walio bweni, ongeeni na matroni mtoto apakuliwe bila kupanga foleni, maana foleni ya posho na maharage inaweza kula nusu saa nyingine nzima. Sukari ya kujiokoa ikae mfukoni, si kwenye sanduku la bweni.

Ukishapanga saa vizuri na bado inapanda, shika ngozi. Bonyeza pale anapodunga kila siku kwa vidole viwili. Ukikuta uvimbe laini usiouma, pale insulini inaingia polepole na bila mpangilio. Watoto wanapapenda kwa sababu hapaumi. Paacheni papumzike miezi kadhaa, mzunguke tumboni na mapajani. Mkihama, pimeni mara nyingi zaidi, kwa kuwa dozi ileile kwenye ngozi nzima inaweza kushusha zaidi. Chupa ya mchanganyiko nayo iviringisheni kati ya viganja mara kumi au zaidi hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Anayevuta bila kuichanganya anajidunga kitu tofauti kila siku.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia. "Matoke si matamu, hayana sukari." Ni wanga, na wanga wote huishia kuwa sukari. Uji wa ulezi, ambao watu wanauita chakula cha wagonjwa wa sukari, huniletea namba za juu kuliko mihogo, kwa sababu unanyweka haraka na kikombe huwa kikubwa. Asali ni sukari; itunzeni kwa siku ya kushuka.

Rolex, chapati iliyoviringishwa na yai, inawachanganya wengi. Mafuta ya chapati na yai huchelewesha chakula tumboni, basi saa mbili baadaye unaona namba nzuri, unafurahi, kisha inapanda saa nne baada ya kula.

Wengine hutegemea mululuza, yale majani machungu, kama dawa ya sukari. Ni mchungu, ndiyo, lakini uchungu hauleti insulini ambayo kongosho limeacha kuitengeneza. Mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kudungwa insulini, mjini Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wanakufa, na majani machungu yalikuwepo.

"Leo hali chochote, basi hadungwi." Hii inaua. Mwenye aina ya kwanza anahitaji insulini hata akishinda njaa. Kinachoweza kupungua ni dozi, na hilo mpigie simu musawo wako. Akianza kutapika, kuhema kwa kasi na mdomo kunuka kama matunda, ni hospitali siku hiyohiyo.

Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, ni ghali, kwa hiyo msizitawanye. Chagueni mlo mmoja unaowasumbua, pimeni kabla yake na saa mbili tangu mtoto aanze kula, siku tatu mfululizo. Tunatafuta chini ya 10 kwenye kile kipimo cha pili. Kupima baada ya nusu saa kunawatia hofu bure. Na kwenye daftari andikeni saa ya sindano na saa ya tonge la kwanza, kwa sababu 17 isiyo na saa hizo mbili hainiambii nibadilishe nini.