Fernando Wood: Meya Aliyenyang'anywa Polisi

Ukitaja ufisadi wa New York ya karne ya 19, wengi watakujibu kwa jina la William Tweed, bosi wa chama cha Democratic jijini humo, na jengo lake la mahakama lililoteketeza mamilioni ya dola. Mimi niliyezama katika historia ya miji ya Marekani huona ni heri kuanza na mtu aliyemtangulia, Fernando Wood, kwa sababu ndani ya maisha yake tunaona waziwazi jambo lililokuwa likigombaniwa kwa kweli, yaani nani awe na mamlaka juu ya ajira na marungu ya jiji.

Wood alizaliwa Philadelphia mwaka 1812, akahamia New York, akafanya biashara ndogondogo kabla ya kuingia kwenye siasa za Tammany Hall, chombo kilichokiendesha chama cha Democratic katika jiji hilo. Aliketi katika Bunge la Marekani kuanzia 1841 hadi 1843, kisha akarudi kwenye biashara ya meli. Wakati wa mbio za dhahabu za California alipeleka shehena San Francisco kwa mtaji ambao shemeji yake aliuchangia, na shemeji huyo baadaye akamshtaki kwamba alimwonyesha hati za uongo. Kesi ya madai Wood alishindwa. Ile ya jinai alinusurika kwa kuwa muda wa kushtakiwa ulikuwa umekwisha kisheria. Sifa hiyo ilimfuata maisha yake yote, na haikumzuia kuchaguliwa meya mwaka 1854.

Ili kuelewa jinsi mtu wa namna hiyo alivyoshinda, lazima tuutazame uchaguzi wenyewe. Jiji lilikuwa na wakazi wapatao 515,000 mwaka 1850, na miaka kumi baadaye walizidi 800,000, wengi wao wakiwa Waairishi waliokimbia njaa na Wajerumani. Mhamiaji aliposhuka melini hakuikuta serikali ya kumpokea. Aliyempokea ni wakala wa chama katika kata, ambaye alimtafutia kibarua, akamsaidia kwa makaa ya mawe siku za baridi, akamsindikiza mahakamani kuapishwa uraia, na siku ya kura akamkabidhi karatasi iliyokwisha kuchapwa majina ya wagombea. Hapakuwa na kura ya siri: kila chama kilichapisha karatasi zake, na aliyesimama karibu na sanduku aliona wazi umetumbukiza ya nani. Msomaji wa kwetu anayekumbuka mjadala wa takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, hatahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba kule msaada haukungoja msimu wa kampeni. Ulitolewa mwaka mzima, na ndiyo maana ulifunga watu kwa nguvu zaidi.

Miezi ya kwanza ya Wood iliwashangaza hata maadui zake. Aliweka ofisini daftari ambamo mwananchi yeyote aliweza kuandika malalamiko, akafuatilia baa zilizofunguliwa Jumapili, akawa mkali kwa askari wazembe, hata magazeti yakaanza kumwita meya wa mfano. Mwaka 1855 madiwani walipotaka kuipunguza ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Central Park, alikataa kutia saini, na hifadhi ile ikabaki na ukubwa wake. Sidhani kwamba yote hayo yalikuwa maigizo. Hati ya jiji ya wakati ule, yaani sheria iliyopanga uongozi wake, ilimfanya meya kuwa dhaifu mno, kwani wakuu wa idara walichaguliwa kwa kura kivyao na hawakuwajibika kwake, na Wood alitaka hatamu zote zishikwe na mkono mmoja. Tatizo ni jinsi mkono huo ulivyotumika. Katika uchaguzi wa 1856 askari polisi walitozwa michango kwa ajili ya kampeni yake, na siku ya kupiga kura wengi wao walipewa likizo, vituo vikaachwa chini ya magenge.

Bunge la jimbo lililoko Albany, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, lilipata sababu lililokuwa likiitafuta. Mwaka 1857 lilipitisha sheria iliyofupisha muda wa meya na kuunda kikosi kipya cha Metropolitan, chini ya makamishna walioteuliwa na gavana. Wood alikataa kuvunja kikosi chake cha Municipal. Askari wapatao 800 walibaki naye, na 300 hivi wakajiunga na kikosi kipya, jiji moja likawa na polisi wa aina mbili wanaoporana wahalifu barabarani.

Mnamo Juni 16 mambo yalifika ukingoni. Gavana alikuwa amemteua Daniel Conover kuwa kamishna wa barabara. Wood alikuwa na mtu wake wa cheo hichohicho, na akaamuru Conover atolewe nje ya City Hall. Conover alirudi na hati za kumkamata meya. Kapteni George Walling wa Metropolitan aliingia peke yake hadi ofisini kwa Wood, akamweleza kuwa yuko chini ya ulinzi, naye Wood akamjibu kwamba hamtambui kama askari. Walling alipomshika mkono, askari wa Municipal walimbeba na kumtupa nje. Kisha wakaja Metropolitan wapatao hamsini, na kwenye ngazi za City Hall askari wakapigana na askari kwa virungu hadi damu ikamwagika. Kilichoamua mambo ni bahati: kikosi cha saba cha wanamgambo wa jimbo kilikuwa kikipita Broadway kuelekea kupanda meli ya Boston, kikageuzwa njia, na Wood alipoona bayoneti alikubali kukamatwa. Alipata dhamana mara moja. Mapema Julai Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliamua kwamba sheria ya Albany ni halali, Municipal wakavunjwa, na siku ya Julai 4 magenge ya mitaa ya Bowery na Five Points yakapigana vita vya mitaani ambavyo polisi wapya hawakuweza kuvizima.

Msimu wa vuli wa mwaka huohuo uchumi ulianguka. Wood alipendekeza jiji liajiri wasio na kazi katika ujenzi wa umma na kuwalipa kwa unga na viazi, jambo lililowatia hofu matajiri, na Desemba akashindwa na Daniel Tiemann. Baada ya kufarakana na Tammany aliunda kundi lake lililojulikana kama Mozart Hall, na mwishoni mwa 1859 akarudi umeya kwa kuwashinda mgombea wa Tammany na wa Republican kwa pamoja.

Hapo ndipo inapokuja hotuba iliyomharibia jina katika historia. Januari 1861, majimbo ya Kusini yalipokuwa yakijitenga, Wood aliwaandikia madiwani kwamba New York nayo ijitoe na kuwa jiji huru, ikiviunganisha visiwa vya Manhattan, Long Island na Staten Island. Wengi huieleza hotuba hiyo kwa pamba tu: wafanyabiashara wa jiji waliishi kwa mikopo, meli na bima za mazao yaliyolimwa na watumwa, na Wood mwenyewe alikuwa mtetezi wa Kusini bila haya. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, ukiisoma yote, utaona kwamba uchungu wake mkubwa unaelekezwa Albany, kwa bunge lililolipoka jiji mamlaka ya kujiendesha. Wiki chache baadaye Metropolitan walikamata makasha 38 ya bunduki ndani ya meli Monticello iliyokuwa ikielekea Savannah, bandari ya jimbo la Georgia huko Kusini. Robert Toombs, mwanasiasa wa jimbo hilo, akampigia Wood simu ya maandishi kudai maelezo. Meya alijibu kwa kuomba radhi, akisema kwamba hana mamlaka yoyote juu ya polisi hao. Kwa maneno ya kisheria alikuwa akisema kweli, na wala sina huruma naye: laiti angekuwa na polisi wake, bunduki zile zingefika kwa waasi.

Baada ya waasi wa Kusini kuishambulia ngome ya Fort Sumter na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, upepo uligeuka, naye akageuka nao kwa muda. Alishindwa uchaguzi wa 1861, akaingia tena Bunge la Marekani, ambako alipinga marekebisho ya 13 ya katiba yaliyofuta utumwa, na hadi kifo chake mwaka 1881 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kodi. Polisi walirejeshwa kwa jiji mwaka 1870 kwa hati mpya iliyosukumwa na Tweed, ambaye baadaye alikiri kwamba wajumbe wa Albany walihongwa ili waipitishe.