Gemu ikikwama, si lazima RAM ndiyo yenye kosa

Gemu ikianza kukwama kwenye kompyuta, ushauri wa kwanza utakaousikia ni “ongeza RAM”, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa. Watu wengi wamepoteza hela hapo. Kama mashine ina GB 4, au GB 8 zinazojaa pomoni, naam, ongeza. Lakini kama ina GB 16 na nusu yake haijaguswa, ukiweka 32 hutaona tofauti.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fungua gemu, kisha kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; Task Manager itafunguka ikuonyeshe kila kifaa kinatumika kiasi gani. Kadi ya michoro ikikaa asilimia 98 muda wote, hiyo ndiyo imeelemewa. Ikikaa asilimia 50 huku prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imejaa, kadi mpya haitakusaidia. SSD nayo, ile diski ya kasi ya kuhifadhia vitu, kazi yake hasa ni kufupisha kusubiri gemu ifunguke.

Wenye Dell OptiPlex za mtumba, zile zilizotoka maofisini, wawe makini zaidi: pawasapulai yake, kifaa kinachogawa umeme ndani, ni ndogo, na sloti ya kadi hutoa wati zisizozidi 75. Tafuta kadi isiyodai waya wa umeme wa ziada, kama baadhi ya GTX 1650. Kasha likiwa jembamba, chukua ile yenye kimo kifupi.

Na tafadhali, anza kwa kupuliza vumbi. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe.