Baiskeli ya injini: kabureta husingiziwa mengi

Zile injini ndogo kutoka China zinazofungwa kwenye fremu ya baiskeli ya kawaida, za mipigo miwili, za kuchanganya oili na petroli, huja na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) rahisi kupita kiasi. Ina bakuli lenye boya, jeti moja (kitundu kinachopimia petroli), sindano inayopanda na kushuka pamoja na slaidi (kizibo kinachoinuka ukivuta mkono wa mafuta), choki, na skrubu moja ubavuni. Kwa vitu vichache namna hiyo ungedhani hakuna cha kubishania. Wapi! Kila kijiwe cha mafundi kina mafundisho yake, na mengi huishia kwenye pistoni iliyoshika.

"Ikilia kwa ukali na resi zikapanda haraka, imekaa sawa"

Hili ndilo kosa linaloua injini nyingi zaidi, kwa sababu masikio ndiyo yanayodanganya. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, injini hizi huchangamka: sauti inakuwa kali na safi, moshi unapungua, spidi inaongezeka kidogo. Mwenye baiskeli anafurahi. Lakini petroli haiingii kwenye silinda kuungua tu. Inapogeuka mvuke hupoza, na ndiyo inayobeba oili ya beringi na ya kuta za silinda. Ukiipunguza, umepunguza na oili papo hapo, tena wakati joto linapanda. Pistoni inatanuka mpaka ile nafasi ndogo kati yake na silinda inakwisha, inaanza kukwaruza, mara nyingi upande wa eksozi ambako joto ni kali zaidi, na injini imenoki.

Injini iliyokaa vizuri haina sauti ya kusisimua. Kwenye barabara tambarare, ukiwa umevuta mafuta mpaka mwisho, inapaswa kukokota kidogo, bru-bru-bru, kwa kuwa inaruka mlipuko mmoja katika kila miwili. Ukianza kupanda mlima, mzigo unaongezeka, mkokoto unakatika, na inavuta kwa sauti moja. Ikiendelea kukokota hata mlimani, mafuta ni mengi. Isipokokota popote, weka jeti kubwa zaidi kabla hujaenda mbali.

"Zungusha skrubu upunguze mafuta"

Skrubu ile ya ubavuni, kwenye kabureta inayokuja na injini hizi, haigusi mchanganyiko hata kidogo. Inainua slaidi tu ili injini isizime ukiachia mkono. Mafuta ya katikati, kuanzia robo hadi robo tatu ya mkono, yanatawaliwa na sindano: ukishusha klipu inayoishika mfereji mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka, ukiipandisha klipu, yanapungua. Mkono ukiwa umevutwa wote, jeti ndiyo yenye neno. Kwa hiyo anayelalamika kwamba baiskeli inakosa nguvu kwenye spidi ya juu, halafu anachezea skrubu, anapoteza jioni yake bure.

"Ukiongeza oili, mchanganyiko unakuwa mzito"

Unakuwa mzito wa oili, mwepesi wa petroli. Hapa hata mafundi wazuri huteleza, maana neno "mchanganyiko" linabeba vitu viwili tofauti: oili ndani ya petroli, na petroli ndani ya hewa. Jeti inapitisha ujazo wake uleule, na kila tone la oili limekalia nafasi ya petroli. Chukua lita moja iliyochanganywa kwa uwiano wa 16 kwa 1: ndani yake petroli ni kama mililita 941. Kwa uwiano wa 50 kwa 1 ni kama mililita 980. Hiyo ni tofauti ya takriban asilimia 4, na bado hujahesabu kwamba oili ikiwa nyingi mafuta yanakuwa mazito na kupita kwenye jeti kwa uvivu zaidi. Mtu anayeona injini inapata joto akaamua kumimina oili zaidi "ili ilainike", bila kugusa jeti, anaweza kuwa anachochea joto hilo.

Cha kufanya ni kuchagua uwiano mmoja na kubaki nao. Kwa injini iliyokwisha kuzoea, si mpya tena, wengi hutumia 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli. Pima kwa chupa yenye alama au bomba la sindano la duka la dawa, achana na vifuniko na makadirio ya macho. Kila ukibadilisha uwiano, hesabu kwamba umegusa kabureta. Na oili iwe ya mipigo miwili kwa injini zinazopozwa na hewa; ile ya mashine za boti, zinazopozwa na maji, imetengenezwa kwa joto la chini zaidi.

"Plagi ikiwa ya kahawia, usiguse kitu"

Plagi husema kweli ikiulizwa vizuri. Ukiendesha mjini, ukasimama kwenye taa, ukaenda polepole mpaka nyumbani halafu ndiyo ukaifungua, unachokiona ni rangi ya mizunguko ya chini ya dakika za mwisho. Haikuambii lolote kuhusu jeti. Namna yake ni hii: injini ikiwa na moto, funga plagi mpya, tafuta barabara ndefu isiyo na watu, vuta mafuta mpaka mwisho kwa muda, kisha zima swichi na kamata klachi kwa pamoja, mkono ukiwa bado umevutwa. Sukuma pembeni, subiri ipoe kidogo, fungua. Mulika tochi ndani kabisa, pale mzizi wa kauri nyeupe unapoingia kwenye chuma. Pete hafifu ya masizi ndiyo unayoitafuta.

Rangi ya kahawia inayosifiwa imetokana kwa sehemu na enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Petroli ya leo huacha kauri nyeupe zaidi, na oili nayo ina rangi yake. Ukiona vichembe vya fedha vinavyong'aa kwenye kauri, hiyo ni alumini ya pistoni, na usiiwashe tena kabla hujaweka jeti kubwa zaidi na kutafuta kilichoifikisha hapo.

"Kabureta ikishatunwa, imetunwa"

Baiskeli iliyorekebishwa Mombasa ikipelekwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, inakuta hewa pungufu kwa asilimia 15 na zaidi, na jeti haina habari. Itakokota, itatoa moshi, itakosa nguvu. Ni usumbufu tu. Hatari iko kinyume chake: iliyorekebishwa Nairobi ikateremshwa pwani hukutana na hewa nene na inakuwa nyepesi mno, tena ikiwa na sauti tamu ile niliyoisema. Anayeteremka aweke jeti kubwa zaidi kwanza.

"Pitisha waya kwenye jeti, uchafu utoke"

Tundu la milimita 0.70 likitanuka hadi 0.75, jicho haliwezi kuona, lakini eneo la kupitisha mafuta limeongezeka kwa karibu asilimia 15. Waya wa chuma kwenye shaba laini unaweza kufanya hivyo na kuacha mikwaruzo. Tumia hewa na kisafisha kabureta. Kama waya hauepukiki, uwe unywele mmoja wa waya wa shaba wa umeme.

Na zile namba zinazopigwa kwenye jeti si lugha moja kwa watengenezaji wote. Hata injini yenyewe hutiwa chumvi: inayouzwa kama ya sentimita 80 za ujazo mara nyingi ina silinda ya milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38. Piga hesabu, utapata sentimita 66 za ujazo.

"Inatema mafuta nyuma, kabureta mbovu"

Pistoni ndiyo inayofungua na kufunga mlango wa kuingilia kwenye injini hizi, hakuna vali ya kuzuia. Mizunguko ikiwa ya chini, sehemu ya mchanganyiko hurudi nje, na hewa hiyo hupita juu ya jeti zaidi ya mara moja na kuzoa mafuta kila inapopita. Chujio kulowa kidogo ni kawaida. Kulitoa chujio "ipumue" ni kuikaribisha hewa ya ziada pamoja na vumbi la barabara.

"Resi zikipanda zenyewe, badilisha jeti"

Kabla ya jeti, tafuta hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta. Kabureta hii imekamatwa kwenye bomba kwa kibano kimoja tu. Gasketi ya bomba ni nyembamba. Sili za krenki huzeeka. Injini iliyopoa, shika kabureta uitikise: ikicheza, umeanza kupata jibu. Injini ikiwaka, paka maji ya sabuni kwenye maungio: povu likinyonywa au sauti ikibadilika, ndipo hapo. Na ikiwa baiskeli inakwenda vizuri kilomita chache halafu inakufa, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kinavuta hewa, kitundu chake kimeziba, na kabureta haihusiki.