Ukunjufu wa wanadiplomasia

Juzi mtangazaji kasema nchi mbili jirani "zina ukunjufu mkubwa", na hapo hapo akasoma habari kwamba zimefungiana mpaka. Chai ilinipalia. Si mara ya kwanza kusikia ukunjufu ukitumiwa kwa maana ya urafiki, au mbaya zaidi, kwa maana ya makubaliano.

Ukunjufu ni namna ya kupokeana: uso wa bashasha, neno laini, heshima mezani. Basi.

Neno lenyewe limetoka kwenye kunjua, kinyume cha kunja, kama ilivyo fungua kwa funga na zibua kwa ziba. Mtu hukunja uso akakunjua, na mkeka vivyo hivyo, mgeni akishaondoka unakunjwa tena. Kiswahili kimeanzia usoni. Hata tukisema "moyo mkunjufu" tumeuazima moyo picha ya paji la uso. Wazungu wao wameanzia ndani: cordial ya Wafaransa imezaliwa na cor, moyo kwa Kilatini, na herzlich ya Wajerumani inatoka kwenye Herz, moyo vilevile. Nadhani ndipo mkanganyiko ulipoingilia, maana anayetafsiri huyaleta na madai ya moyo. Mapatano ya Uingereza na Ufaransa ya tarehe 8 Aprili 1904 yaliitwa Entente cordiale, yaani maelewano ya moyoni, lakini ukiyafungua unakuta Misri, Moroko na haki za kuvua samaki Newfoundland.

Miaka ya kati ya vita viwili vya dunia ndiyo iliyoufanya ukunjufu kuwa kazi kamili ya serikali. Mara nyingine uligharimu. Januari 1922, kule Cannes, Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, alimpeleka Aristide Briand, waziri mkuu wa Ufaransa, kwenye kiwanja cha gofu, mchezo ambao Briand hakuujua. Picha zilipofika Paris watu walichukia, wakaona mkubwa wao anachezewa na Mwingereza. Siku chache baadaye Briand alijiuzulu. Gofu haikuwa sababu pekee, ila haikumsaidia.

Kisha Locarno, Uswisi, Oktoba 1925, kwenye mkutano wa kuafikiana mipaka ya Ujerumani. Briand alikuwepo, safari hii kama waziri wa mambo ya nje, pamoja na mawaziri wenzake, Gustav Stresemann wa Ujerumani na Austen Chamberlain wa Uingereza. (Huyu ni Austen. Yule aliyepatana na Hitler kule Munich 1938 ni Neville, ndugu yake wa baba mmoja.) Siku moja walipanda boti kwenye Ziwa Maggiore, kisingizio kikiwa siku ya kuzaliwa ya mke wa Chamberlain, na mazungumzo magumu yakaendelea huko huko majini. Magazeti yakashangilia "roho ya Locarno". Wote watatu walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Sasa soma mkataba uliotoka hapo. Mpaka wa Ujerumani na Ufaransa, na ule wa Ujerumani na Ubelgiji, ulipata wadhamini, yaani nchi nyingine zilizoahidi kuulinda. Mipaka ya Ujerumani na Poland na Chekoslovakia haikupata, kwa sababu Stresemann hakukubali kuidhamini, na tabasamu zote za botini hazikumsogeza hata hatua moja. Waliokuwa Warsaw, mji mkuu wa Poland, waliliona hilo mapema.

Tarehe 17 Septemba 1926 Briand na Stresemann waliwatoroka waandishi wa habari, wakaenda kula chakula cha mchana Thoiry, kijiji cha Ufaransa karibu na Geneva. Walikula, wakazungumza kuondoa mapema majeshi ya Ufaransa yaliyokalia Rhineland, eneo la magharibi ya Ujerumani, nayo Ujerumani itoe fedha. Baada ya miezi michache mpango ule ulikuwa umekufa. Majeshi ya mwisho yaliondoka Juni 1930, Stresemann akiwa ameshafariki Oktoba 1929.

Sisemi ukunjufu haufai. Bila ule wa Locarno, sidhani kama Ujerumani ingeingia Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, mwaka 1926. Ombi langu kwa watangazaji ni dogo: semeni mawaziri "walizungumza kwa ukunjufu", hapo mmepatia. Msiseme nchi "zina ukunjufu", kwani nchi haina paji la uso. Na kama kuna kilichotiwa saini, tutajieni hicho, kwa jina lake.