Wati za pawa saplai: zipi ni za kadi ya grafiki?

Umenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, tuseme Dell OptiPlex 9020 ya kasha la mnara, na sasa unataka kuiwekea kadi ya grafiki ya bei nafuu. Pawa saplai yake, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya wati 290. Kadi ya GTX 1650 imeandikiwa na mtengenezaji wake, NVIDIA, kwamba inahitaji pawa saplai ya wati 300. Wengi hukata tamaa hapo, kwa sababu ya wati 10.

Wasikate tamaa. Hizo 300 si mlo wa kadi. Kadi yenyewe hula wati 75. Mtengenezaji hajui una prosesa gani wala pawa saplai yako ni imara kiasi gani, kwa hiyo anaweka akiba kubwa.

Namba ya kutazama ni nyingine. Pawa saplai hutoa umeme wa volti 3.3, 5 na 12, na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni jumla ya zote. Prosesa na kadi ya grafiki, ambazo ndizo walaji wakubwa, hutegemea karibu kabisa volti 12. Soma lebo ya ubavuni, tafuta safu ya +12V, kisha zidisha volti kwa ampea. Ampea 18 mara 12 ni wati 216. Pawa saplai ikijiita ya wati 500 huku safu hiyo ikionyesha ampea 18 tu, basi kwa kazi yako hiyo ni ya wati 216. Zikiwapo safu mbili za volti 12, usizijumlishe kwa pupa. Angalia kama lebo imetaja kikomo cha zote mbili kwa pamoja.

Sasa piga hesabu. Prosesa ya Core i5-4570 ni wati 84, kadi 75, na ubao mama, diski na feni tuzipe 50. Jumla 209. Inaingia, hata kwenye zile wati 216 za mfano wetu.

Sloti ya PCIe, yaani tundu la ubao mama ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 na hapo ndipo mwisho wake, ndiyo maana GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi hazina soketi ya waya wa ziada. RX 6400 ni nyepesi zaidi, wati 53. Ukipanda hadi GTX 1660 Super, wati 125, utahitaji waya wa pini 8 ambao kompyuta hizi kwa kawaida hazina. Nakusihi usidanganyike na adapta ya kutoka SATA (waya wa umeme wa diski) kwenda pini 6: kiunganishi cha SATA kimepimwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, soketi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki huyeyuka, na moto huanzia hapo.

Kubadilisha pawa saplai nzima kunawezekana, ila ubao mama wa 9020 hutumia plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Hakikisha umepata adapta yake kabla hujalipa.